Sikio Lako Limeoanishwa na Nani?



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii nilikusudia kuwaandikieni juu ya maandalizi ya Kipaimara. Nimeona niliahirishe jambo hilo kwa juma moja, ili niseme nanyi juu ya kitu ambacho huenda baadhi yenu mtashangaa kukikuta katika ukurasa wa tafakari. Nataka kusema juu ya visikizio visivyo na waya, vile ambavyo vijana wetu huvivaa kichwani kama taji au huvichomeka masikioni kama punje mbili za maharage, na ambavyo hupokea sauti kutoka kwenye simu au kompyuta kwa njia ya Bluetooth. Ninayo sababu ya kufanya hivyo. Sababu yenyewe ni kosa langu, na mchungaji anayewahimiza waamini wake kutubu hana haki ya kulificha la kwake.

Mambo yalianza hivi. Katika msimu wa masika nilikuwa nikifuata kozi fupi ya liturujia kwa njia ya mtandao, saa za usiku. Ninyi mnaoishi huku milimani Upare mnajua mvua ya masika inavyopiga mabati, hata watu wawili walioketi meza moja hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane. Sauti ndogo ya kompyuta ya ofisi ya parokia haikufua dafu mbele ya mvua hiyo. Kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alinizawadia visikizio, na siku ya Dominika baada ya Misa akaviunganisha na simu yangu kwa muda usiozidi nusu dakika. Nami nikadhani kwamba kuviunganisha na kompyuta kutakuwa kazi ya nusu dakika nyingine.

Haikuwa hivyo. Niliwasha Bluetooth ya kompyuta, nikaiamuru itafute. Iliiona simu yangu, ikaiona hata mashine ya kuchapia, lakini visikizio nilivyovishika mkononi, taa yake ikiwaka, haikuviona. Nilivizima nikaviwasha. Niliizima kompyuta nikaiwasha. Saa nzima ilipita. Mwishowe nikampigia simu yule kijana. Alicheka kwa heshima, akaniambia: "Baba, havijaharibika. Kila ukiviwasha vinakimbilia kwenye simu, maana ndiyo vinayoijua. Vikishashikamana na simu, havijitangazi tena kwa mwingine. Zima kwanza Bluetooth ya simu, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka taa ianze kupepesa. Hapo kompyuta itaviona."

Nilifanya kama alivyoniagiza. Taa ikapepesa, jina likatokea kwenye kioo, nikalibonyeza, na sauti ya mwalimu wangu ikaniingia masikioni kana kwamba ameketi begani pangu.

Kwa kuwa makatibu wa vigango na walimu kadhaa wamekwisha kuniuliza juu ya jambo hili, nalieleza kwa ufupi. Kwenye simu nyingi zilizowekwa katika lugha ya Kiswahili, ingia katika Mipangilio, kisha sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na hapo utakuta maneno Oanisha kifaa kipya. Kwenye kompyuta, ingia katika mipangilio, tafuta sehemu ya Bluetooth, kisha uchague kuongeza kifaa. Kompyuta ya zamani ya mezani huenda haina Bluetooth ndani yake; hiyo huhitaji kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Ikiwa vifaa viliwahi kufahamiana na sasa vinagoma, lifute jina la kisikizio katika orodha, kisha uanze upya kana kwamba havijawahi kuonana. Wala usiende mbali, kwa maana visikizio vya kawaida hufanya kazi vizuri katika umbali wa mita kama 10 tu, na ukuta mnene huupunguza umbali huo.

Naomba mlitazame neno hilo lililochaguliwa na waliotafsiri maandishi ya simu: oanisha. Wangeweza kusema unganisha, kama tunavyounganisha mabomba ya maji au nyaya za umeme. Wakachukua neno lililotoka katika kuoa na kuoana. Sijui kama walikusudia mafundisho ya dini, lakini neno lenyewe limekaa mahali pake. Katika Sakramenti ya Ndoa Mama Kanisa anatufundisha kwamba kinachoifanya ndoa ni ridhaa ya wawili. Mmoja akiridhia na mwingine akakataa, hakuna ndoa. Vifaa hivi navyo haviunganishwi na mmoja peke yake. Kisikizio ni lazima kikubali kuonekana, na simu ni lazima ikubali kukipokea. Vikikubaliana, hutengeneza ufunguo wa siri ambao kila kimoja huuhifadhi, na kwa ufunguo huo hutambuana siku nyingine bila kuulizana tena. Kisha, ili mazungumzo yao yasivurugwe na mawasiliano mengine yaliyojaa hewani, Bluetooth iliyozoeleka tangu mwanzo huruka kutoka njia moja ya mawimbi kwenda nyingine mara 1,600 kwa sekunde, katika njia 79, kwa utaratibu ambao wawili hao tu wanaufuata pamoja. Kuoana ni hivyo: ni kuhama pamoja.

Jina la Bluetooth nalo lina historia inayotuhusu sisi Wakristo. Harald, mfalme wa Denmark katika karne ya 10, alipewa jina la utani ambalo maana yake ni jino la buluu. Yeye alibatizwa, na katika jiwe kubwa alilolisimamisha huko Jelling aliacha maandishi yanayoeleza kwamba aliishinda Denmark yote na Norway, na kwamba aliwafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Mnamo mwaka 1997 mhandisi mmoja wa kampuni ya Intel, Jim Kardach, alilipendekeza jina hilo liwe la muda kwa teknolojia ambayo ingeunganisha simu na kompyuta, kama vile mfalme yule alivyoyaunganisha makabila. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, zikaunda umoja wa kuiendeleza, na lile jina la muda likabaki kuwa la kudumu. Hata ile alama ndogo mnayoiona kwenye simu zenu ni herufi mbili za kale za Kaskazini, H na B, zilizowekwa moja juu ya nyingine. Hivyo basi, kila kijana wetu anayebonyeza alama ile anagusa herufi za jina la mfalme aliyeongoka.

Lakini turudi kwenye usiku ule.

Visikizio vile ni vya aina inayozuia kelele za nje. Vina vinasa sauti vidogo vinavyoisikia kelele ya nje, kisha hutengeneza mawimbi ya sauti yaliyo kinyume chake, na hayo mawili hufutana. Nilipovivaa, mvua ilinyamaza. Kwa muda wa saa mbili sikusikia tone juu ya bati, wala mbwa, wala mti wowote. Simu yangu nilikuwa nimeiacha chumbani ikichaji. Nilijifunza vizuri sana usiku ule. Niliandika kurasa saba juu ya namna ya kuwashirikisha waamini katika liturujia.

Alfajiri, nilipofungua mlango kwenda kuadhimisha Misa, nilimkuta kijana mmoja wa kigango cha mbali ameketi kwenye ngazi, nguo zake zimelowa. Tulisalimiana. Akaniambia kwamba bibi yake amefariki jogoo la kwanza lilipowika. Nilimjua yule bibi. Kwa miaka mingi alikuwa akifagia kanisa la kigango kila Jumamosi, na watoto wengi wa kijiji kile walijifunza kwake Ishara ya Msalaba kabla hawajafika kwa katekista. Nilimwuliza kwa nini hawakuniita ili nimpe Mpako wa Wagonjwa. Kijana aliinamisha kichwa, akajibu kwa upole ambao hadi leo unaniuma kuliko lawama: "Tulikuja, Baba. Tulikuja wawili, kwa miguu, maana pikipiki isingepanda kwenye tope. Tulibisha sana, tukapiga na simu. Tuliona taa inawaka dirishani, tukadhani unasali. Tukaona tusikusumbue."

Taa ilikuwa inawaka, wapendwa. Nilikuwamo ndani, macho wazi, mita chache kutoka kwenye mlango. Sikuwa nimelala wala sikuwa safarini, na sikufanya jambo lolote ambalo ningelihesabu kuwa dhambi nilipokuwa nikitafiti dhamiri usiku ule kabla ya kulala. Masikio yangu yalikuwa yameoanishwa na kitu kingine, basi. Kama vile kompyuta ilivyovitafuta visikizio isivione, ndivyo watu wa Mungu walivyonitafuta mimi wasinipate, nikiwa mbele yao.

Naamini kwa moyo wote kwamba huruma ya Mungu haikungoja masikio yangu ili imfikie mama yule. Tulimwombea, tukamzika kwa heshima, na familia yake imenisamehe. Hata hivyo, kusamehewa hakunipi ruhusa ya kunyamaza.

Sitaki mtu yeyote aelewe kwamba paroko amepiga marufuku visikizio. Kanisa halijawahi kuwa adui wa vyombo vya sauti. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alizindua Radio Vatican, na aliyemjengea mitambo alikuwa Guglielmo Marconi mwenyewe, mmoja wa waasisi wa mawasiliano yasiyo na waya. Katika parokia yetu wapo wanafunzi wanaosoma katika chumba kimoja na wadogo zao wanne. Kwao visikizio ni ukuta na mlango ambao baba yao hakuweza kuwajengea. Yupo mzee ambaye usikivu wake umepungua, naye husikiliza Misa ya redioni kwa visikizio alivyounganishiwa na mjukuu, bila kuwalazimisha majirani wote kuisikiliza pamoja naye. Wapo wanaosali Rozari wakiwa kwenye basi kutoka Same kwenda Moshi bila kumkera abiria aliye kando. Kusikiliza wimbo wako bila kuwatwisha wengine ni tendo la upendo. Nasema hivyo nikikumbuka kwamba vipaza sauti vya mabaa, vya mikutano, na wakati mwingine vya makanisa, hili letu likiwamo, vimewanyima wagonjwa wengi usingizi.

Kwa hiyo ubishi wangu si dhidi ya kifaa. Ninachosema ni kwamba sikio lililoshikamana na kitu kimoja muda wote huacha kupatikana kwa mwingine yeyote, na mwenye sikio hilo hajui, kwa sababu kwake kila kitu kinasikika vizuri.

Sisi watu wa Upare tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine, maana maisha ya milima hii yamejengwa juu ya kusikilizana. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Pembe ilipopulizwa, watu waliamka kwenda msaragambo, kuzibua mifereji, kutengeneza njia, kujenga shule. Maji ya ndiva, yaliyokusanywa usiku kucha, yalifunguliwa kwa zamu, na asiyesikia zamu yake ikitajwa shamba lake lilikauka. Kengele ya Malaika wa Bwana ililia mara tatu kwa siku, na aliyekuwa shambani alisimamisha jembe. Hata redio ilikuwa moja juu ya meza. Radio Tanzania Dar es Salaam ya enzi zile ilipotangaza matangazo ya vifo, nyumba nzima ilinyamaza, na kama jina lilikuwa la ndugu au la jirani, watu wote walilisikia kwa pamoja na kusimama kwa pamoja. Leo katika nyumba ileile watu watano huketi sebule moja, kila mmoja na sauti yake, na habari ya msiba humfikia mmoja huku mwenzake akitabasamu kwa jambo jingine.

Tena huku kwetu sikio ni ulinzi. Hatujasahau Novemba 2009, mvua ziliposababisha maporomoko ya ardhi kule Mamba Miamba, katika wilaya yetu hii ya Same, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mlima hauandiki ujumbe kwenye simu. Hunguruma, mawe hugongana, maji ya mfereji hubadilisha sauti, jirani wa juu hupiga yowe. Nyumba ambayo kila aliyemo amelala na visikizio vinavyozuia kelele za nje, usiku wa mvua kubwa, ni nyumba isiyo na mlinzi. Na kule tambarare, barabara kuu inayopita Hedaru, Makanya na Same mjini hubeba mabasi na malori usiku na mchana. Namwona kijana wa bodaboda amebeba mama na mtoto mgongoni, masikio yote mawili yameziba, na lori linapiga honi nyuma yake. Mama yule amemkabidhi uhai wa watu wawili. Je, ni haki amkabidhi mtu asiyesikia?

Tukiifungua Biblia, katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3, tunamkuta kijana aliyeitwa usiku. Tumeizoea habari hiyo kiasi kwamba huenda tumepitwa na jambo moja. Mungu alipomwita Samweli, yeye hakujua kwamba ni Mungu. Alidhani ni mzee Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Akaamka, akakimbia kwa mzee. Akaambiwa akalale. Akaitwa tena, akakimbia tena, na mara ya tatu pia. Tafakarini jambo hilo. Kijana huyu alikuwa hajaifahamu bado sauti ya Bwana, lakini alikuwa na desturi ya kuamka mzee anapoita. Sikio lake lilikuwa limezoezwa kwa mzee mmoja dhaifu, aliyehitaji labda maji, labda mkono wa kushikilia gizani. Na kwa sikio hilohilo Mungu alimpata. Mimi nilikuwa nikijifunza juu ya ibada ya Mungu, na mzee aliponiita sikusikia. Hapo nikaelewa kwamba hatuna masikio mawili, moja la kumsikia Mungu na jingine la kuwasikia watu. Atakayeziba lile la watu atagundua kwamba amemzibia Mungu pia.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake kwa ajili ya Siku ya 56 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2022, alichagua mada ya kusikiliza kwa sikio la moyo. Wengi tulidhani kwamba waandishi wa habari ndio walioambiwa. Mimi naona ujumbe ule ulitumwa kwenye kila nyumba yenye mlango wa kubishwa.

Sasa ninapendekeza nini? Sipendi tafakari inayowaacha watu na huzuni tu.

Barabarani, na hasa kwa ninyi vijana wa bodaboda na ninyi mnaotembea kwa miguu kando ya barabara kuu, vueni. Hakuna wimbo wenye thamani ya shingo ya mtu. Nyumbani, wakati wa chakula cha jioni na wakati wa sala ya familia, viwekwe visikizio vyote katika kikapu kimoja karibu na mlango, vya wazazi vikitangulia, kwa maana mtoto hujifunza kuvua kwa kumwona baba akivua. Usiku, katika kila nyumba, na hasa penye mgonjwa au mzee, na hasa msimu wa mvua, awepo mmoja ambaye masikio yake yamebaki wazi. Muwekeane zamu kama tulivyowekeana zamu za ndiva.

Pia nawaomba viongozi wa kwaya mkumbuke kilichotokea hapa kanisani, wakati kipaza sauti chetu kipya cha Bluetooth kilipoikumbuka simu ya mmoja wenu katikati ya ukimya wa baada ya Komunyo, na waamini wote wakasikilizishwa wimbo usiohusiana kabisa na Ekaristi. Tulicheka baadaye. Hata hivyo, tuzifute simu za zamani katika kumbukumbu ya kipaza sauti kile, ibaki moja tu, nayo izimwe Misa inapoanza.

Wala msisahau afya ya masikio yenyewe, ambayo ni zawadi ya Muumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Atakayeyachosha masikio yake ujanani kwa muziki, uzeeni atamwomba mjukuu arudie kila neno, na huenda mjukuu huyo atakuwa amevaa visikizio.

Mimi mwenyewe nimetengeneza kengele ya mlangoni ambayo kamba yake inaning'inia nje, na sauti yake inashinda mvua. Simu inalala mezani nilipo, ikiwa na mlio. Visikizio ninavyo bado, na kozi niliimaliza. Lakini usiku navaa upande mmoja tu, na ule wa kuzuia kelele nimeuzima. Mvua inaniingilia, mwalimu anakatika, wakati mwingine napoteza sentensi nzima. Ni hasara ndogo. Nimejifunza pia kwamba visikizio vingi, unapowasha kinasa sauti chake ili uzungumze na mtu, ule utamu wa sauti hupungua na kuwa mwembamba kama wa simu ya kawaida, kwa sababu mawasiliano yamelazimika kupita pande zote mbili. Anayesikiliza tu hupata sauti tamu. Anayekubali kujibu hupoteza sehemu ya utamu huo, lakini yeye ndiye aliye katika mazungumzo. Mke, mtoto, mzazi mzee, hawana sauti tamu kama wimbo ulioandaliwa studioni. Lakini wao wanangoja jibu.

Namalizia na jambo moja lililonifariji. Yule kijana wa kwaya alinionyesha kwamba visikizio vingine vya siku hizi vinaweza kushikamana na vifaa viwili kwa wakati mmoja, kompyuta na simu. Unaweza kusikiliza muziki kutoka kwenye kompyuta, na simu ikiita, muziki husimama wenyewe, nawe ukamsikia anayekupigia. Nikamwuliza ni nani aliyeviamuru hivyo. Akasema ndivyo vilivyotengenezwa. Basi wahandisi, pengine bila kukusudia kuhubiri, wameweka ndani ya kidude kidogo kanuni ambayo sisi wabatizwa tulipaswa kuwa nayo moyoni: mtu anayeita hutangulia wimbo.

Siku ya Ubatizo wetu, katika ibada ya Efatha, padre aliyagusa masikio yetu akiomba yafunguke, kama vile Yesu alivyotia vidole vyake katika masikio ya yule kiziwi, katika Injili ya Marko, sura ya 7. Kabla ya kidude chochote kuingia masikioni mwetu, vidole vya Bwana vilikwisha kupita hapo. Yeye ndiye wa kwanza tuliyeoanishwa naye. Wiki hii, kila mmoja ajiulize ni nani amekuwa akibisha mlangoni pake, na taa ikiwa inawaka.

Nawatakieni Dominika njema. Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko